Udongo Hauendi Wenyewe: Kweli na Uongo Kuhusu Mmomonyoko

Nyumba niliyokulia ilikuwa na ngazi moja mlangoni. Nilipoanza darasa la kwanza niliipanda bila kuiona. Nilipomaliza la saba, fundi alikuwa ameshaongeza ya pili chini yake, kwa sababu bibi alikuwa hawezi tena kufikisha mguu. Hakuna aliyeinua nyumba. Uwanja ndio ulioshuka. Kila asubuhi tuliufagia kwa ufagio wa chelewa mpaka ukang'aa, na kila masika mvua ilichukua kile tulichokuwa tumekilegeza. Miaka yote hiyo hatukusema hata siku moja kwamba nyumbani kwetu kuna mmomonyoko. Neno hilo lilikuwa la darasani, na lilihusu milima ya mbali.

Leo nalisikia kila mahali: bungeni, redioni, kwenye mimbari, kwenye mikutano ya kijiji. Limezoeleka kiasi kwamba tunalitamka bila kulisikiliza. Nimekusanya hapa kauli ninazokutana nazo mara kwa mara, na nitasema ipi ni kweli na ipi si kweli kwa kadiri ninavyolijua jambo lenyewe.

"Neno sahihi ni momonyoko."

Si kweli. Ni mmomonyoko, kwa m mbili, na ile ya kwanza ni kiambishi cha ngeli. Ukilitamka taratibu utapata silabi tano: m-mo-mo-nyo-ko. Limeundwa kama mporomoko kutoka poromoka, mtiririko kutoka tiririka, na mfumuko kutoka fumuka. Wanaosema mmong'onyoko, na Tanzania ni wengi, hawajakosea. Hilo ni neno ndugu, na maana ni ileile.

Lakini tahajia si kitu mbele ya kitenzi chenyewe. Kumomonyoa ni kumega kitu vipande vidogo vidogo, chembe kwa chembe. Anayemomonyoa yupo na anatajwa: maji, upepo, wimbi, mkono wa mtu. Kumomonyoka ni upande wa pili. Kitu kimemegeka, na aliyekimega hakutajwa. Kiswahili kimejaa jozi za namna hii: vunja na vunjika, mwaga na mwagika, pasua na pasuka. Mtoto akija kusema "mama, kikombe kimevunjika," mama anajua pa kuanzia: nani amekivunja? Nomino tunayoitumia sisi imetoka kwenye kumomonyoka. Kila tunaposema "kuna mmomonyoko" na kunyamaza, tumesema kama yule mtoto wa kikombe.

Naomba msomaji aishike hoja hii, maana nitairudia.

"Kila kinachopungua kwa kulika kimemomonyoka."

Si kweli, na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hahitaji kamusi kulijua hilo. Soli ya kiatu inalika. Kisu kilichonolewa miaka kumi kimelika. Bati linaliwa na kutu, nguo inachakaa. Hata mwamba unaopasuka kwa jua la mchana na baridi ya usiku, vipande vikabaki palepale, haujamomonyoka bado. Mmomonyoko unataka mambo mawili kwa pamoja: kumegwa, kisha kuchukuliwa.

Watu wa pwani na wa kando ya mito wana kauli fupi zaidi. Husema bahari imekula, au mto umekula shamba. Naipenda, kwa sababu mlaji hajafichwa.

"Mmomonyoko na maporomoko ni jambo moja."

Si kweli, na kuyachanganya kunaweza kugharimu maisha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hayo yalikuwa maporomoko: sehemu ya mlima ililowa, ikawa nzito, ikaachia kwa mkupuo. Mmomonyoko hauna mkupuo. Unachukua punje leo, punje kesho.

Dawa zake pia si moja. Matuta yanazuia mmomonyoko kwa kuyalazimisha maji yaingie ardhini badala ya kukimbia juu yake. Kwenye mteremko mkali sana, maji hayohayo yaliyoingia yanaweza kuuongezea udongo uzito na kuulegeza mpaka ukaporomoka. Anayechimba matuta huku akiamini amejikinga na yote mawili amejikinga na moja tu.

"Utaujua mmomonyoko ukiona makorongo."

Kweli, ila utakuwa umeujua kwa kuchelewa. Tupige hesabu ndogo. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100. Mvua zikiondoa milimita moja tu ya udongo wa juu, unene unaozidi kidogo ule wa kadi ya benki, zimeondoa mita za ujazo 10, na uzito wake ni kama tani 13. Kuna jicho gani la mkulima litakaloiona milimita hiyo? Wakati huohuo, sentimita moja ya udongo hutengenezeka kwa mamia ya miaka. Na tabaka linalotangulia kuondoka ndilo lenye mboji, lile lililobeba chakula cha mazao. Mkulima huona mahindi yanadumaa, akalaumu mbegu.

Anayetaka kuuona mapema aangalie vitu vidogo. Mizizi ya mwembe iliyokuwa chini ya ardhi sasa watoto wanaikalia. Kokoto shambani kila moja imesimama juu ya kijiguzo chake cha udongo, kwa sababu kilichokuwa pembeni kimeondoka na kilichofunikwa na kokoto kimebaki. Msingi wa darasa umeacha mawe yake nje. Ngazi ya bibi yangu.

"Maji yanayotiririka ndiyo yanayouanza."

Si kweli. Tone ndilo linaloanza. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, sawa na kilomita zaidi ya 30 kwa saa. Likitua kwenye nyasi, limekufa hapo. Likitua kwenye udongo ulio uchi, linaupasua na kuzirusha chembe zake hewani. Ushahidi upo kwenye nyumba yoyote iliyopakwa chokaa pembeni ya uwanja usio na nyasi: ukutani, kuanzia chini mpaka usawa wa goti, kuna utepe mwekundu. Utepe huo haukuchorwa na maji yanayopita. Umerushwa pale na matone. Chembe hizo zikishatulia huziba vitundu vya ardhi, maji yanayofuata yanakosa pa kuingia, na hapo ndipo yanapoanza kukimbia na kubeba.

Mtu akilielewa tone ameelewa karibu kila kitu kuhusu kinga. Kinachotakiwa kwanza ni nguo ya ardhi: nyasi, mabua yaliyoachwa shambani bila kuchomwa, maboga na kunde zinazotambaa kati ya mahindi.

"Panda miti, mmomonyoko utakwisha."

Nusu kweli. Najua kauli hii inapendwa, na sitaki mtu yeyote aache kupanda miti kwa sababu yangu. Lakini si mti wenyewe unaoikinga ardhi, bali kile kilichopo chini ya mti. Shamba la mitiki ni mfano mzuri. Majani ya mtiki ni mapana kama sinia. Maji hukusanyika juu yake na kudondoka kwa matone makubwa kuliko ya mvua yenyewe, tena kutoka juu sana. Kama chini pamefagiliwa, au moto umepita na kuteketeza majani makavu na vichaka, udongo huondoka chini ya miti iliyosimama vizuri kabisa. Mpita njia anaona msitu. Ukitembea ndani unaona mizizi imeachwa wazi.

Kwa hiyo viongozi wanaopanda miche mbele ya kamera, kisha uwanja mzima ukapaliliwa mpaka ukawa mweupe, wameacha kazi katikati.

"Chanzo ni watu kuwa wengi na mifugo kuwa mingi."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kauli hii imewahi kuhamisha watu na mali zao.

Anza na Kondoa. Makorongo mekundu ya nchi ya Warangi yalikuwa yakitajwa tangu enzi za Mwingereza kama mfano wa ardhi iliyoharibiwa. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka katika eneo lililoathirika zaidi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waliondolewa kwa makumi ya maelfu. Nyasi zilirudi, hilo haliwezi kukanushwa, na miti ikarudi pamoja nazo. Lakini pamoja na ng'ombe yaliondoka maziwa ya watoto, iliondoka samadi, na kwa wengi iliondoka akiba yote waliyokuwa nayo. Baadaye ndipo ufugaji wa ndani, wa kukata majani na kumletea ng'ombe bandani, ulipoingizwa. Na watafiti walioupima umri wa udongo uliolundikana chini ya vilima vile walikuta sehemu yake ina umri wa maelfu ya miaka, kabla kundi lolote la ng'ombe wa leo halijazaliwa. Mifugo ilichangia, ndiyo. Kuiita chanzo pekee ni kukata hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Sasa nenda Machakos, nchini Kenya. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitazama nchi ya Wakamba wakaona jangwa linakuja. Watu wengi mno, walisema, na ng'ombe wengi mno. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu walitembea hadi Nairobi kudai mifugo yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikalazimika kulegeza. Yeye mwenyewe alihamishiwa Lamu. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930 wilaya ilikuwa na watu kama 240,000. Hesabu ya 1989 ilikuta karibu 1,400,000. Kwa mujibu wa ile kauli, udongo wote ungepaswa kuwa umeishia baharini.

Kilichotokea kilikuwa kinyume. Vilima vilijaa matuta. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vingi vyake vya wanawake, vilichimba kutoka shamba hadi shamba. Watu walikuwa na sababu ya kuitunza ardhi: kahawa ilikuwa na bei, Nairobi ilikuwa karibu na ilihitaji mboga na matunda, na shamba lilikuwa la mtu na watoto wake. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos, na jina lake lilibeba matokeo yake: watu zaidi, mmomonyoko pungufu. Wapo waliobishana nao juu ya nani hasa alinufaika, na mjadala huo una haki yake. Matuta lakini yapo, kila mtu anaweza kwenda kuyaona.

Kuna jambo moja la Ukambani ambalo wasemaji wa Kiswahili wanapaswa kulijua. Tuta la kule hutengenezwa kwa kuchimba mfereji unaofuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu. Mafundi waliliita fanya juu. Udongo ukitupwa chini, ni fanya chini. Leo maneno hayo mawili yameandikwa hivyohivyo, kwa Kiswahili, kwenye vitabu vya hifadhi ya udongo vya nchi ambazo hazisemi Kiswahili kabisa, Ethiopia ikiwemo. Na tazama kitenzi chake: fanya. Hakijajificha kwenye -ka ya kumomonyoka.

Uluguru, juu ya Morogoro, ilikuwa hadithi ya uchungu zaidi. Kuanzia 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Kazi ilikuwa nzito, na matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, mahali pa kupandia. Watu waliona mavuno yanapungua baada ya jasho lote lile. Mwaka 1955 walikataa, ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Waliandikwa kuwa wakaidi. Walikuwa wamelisoma shamba lao kuliko waliotumwa kuwafundisha.

"Mmomonyoko wa maadili umeletwa na vijana."

Si kweli, na lugha yenyewe inaikataa kauli hiyo. Sisemi kwamba hakuna kilichoharibika. Nasema tumeazima neno la udongo, basi tuliazime zima. Ardhi haijimomonyoi. Kama maadili ni udongo, vijana ni mteremko ambao mvua inaupiga, na swali la kwanza ni lile la mama wa kikombe. Nguo ya ardhi ilivuliwa na nani? Jirani aliyekuwa na ruhusa ya kumkemea mtoto wa mwenzake yuko wapi? Mzazi anayetoka kabla ya alfajiri na kurudi saa nne usiku kwa ajili ya foleni na kibarua, atazungumza saa ngapi na mwanawe? Udongo huondoka upande wa juu, kisha tope huonekana chini. Mtoto aliyemshuhudia baba yake akitoa "ya chai" ili apate haki yake ameiona milimita ya kwanza ikiondoka. Sisi tunalitazama tope bondeni na kulilaumu bonde.

Tena neno hili linataka taratibu. Lisitumiwe kuficha jambo lililotokea kwa mkupuo na lenye mtendaji anayejulikana. Mwalimu akimbaka mwanafunzi, huo si mmomonyoko wa maadili, ni ubakaji. Fedha za zahanati zikiliwa, huo ni wizi. Nimesikia makosa ya namna hiyo yakitangazwa kwa jina la mmomonyoko, na kila mara nahisi mtendaji anatoka ukumbini kimyakimya huku sote tukitikisa vichwa kwa huzuni.

"Mmomonyoko ni mbaya siku zote."

Si kweli. Bonde la Oldupai limechimbwa na maji kupitia matabaka yenye karibu miaka milioni 2, na ndiyo sababu Mary Leakey aliweza kuliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959. Bonde lisingemomonyoka, fuvu lingekuwa bado chini. Nguzo za Isimila karibu na Iringa, zile zinazopigwa picha na kila mgeni, zilichongwa hivyohivyo, na zana za mawe za watu wa kale zikafichuliwa miguuni pake.

Delta ya Rufiji nayo, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini Tanzania, imejengwa na udongo uliotoka bara. Misri ya kale ilikula kutokana na udongo wa milima ya Ethiopia ulioletwa na mafuriko ya Nile. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, udongo huo ulinaswa nyuma ya ukuta, na tangu hapo pwani ya delta ya Nile, hasa Rashid, imezidi kuliwa na bahari. Ufukwe nao huishi kwa kulishwa.

"Bahari inakula pwani kwa sababu imepanda, dawa ni ukuta."

Bahari inapanda, hiyo ni kweli. Lakini maelezo hayo hayatoshi, na ukuta ni dawa yenye madhara. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu na kuchota mchanga uliokuwa mbele yake. Ukijenga kizuizi cha mawe kuingia baharini, mchanga utajaa upande mmoja na kukosekana upande wa pili, kwa jirani.

Visiwa vyenyewe huliwa. Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga pale kwa wingi. Miti ilitoweka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Sasa ni fungu la mchanga. Maji yakitoka unaweza kutembea juu yake, yakijaa hakuna kitu.

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, hesabu iko wazi zaidi. Ufukwe ule ulilishwa na mchanga wa mito midogo kama Tegeta na Mbezi. Mvua iliushusha, mawimbi yaliusambaza, na kilichochotwa na bahari kilirudishwa na mto. Kisha jiji likaanza kujengwa. Malori yaliingia mitoni kuchota mchanga, amri zikatolewa, malori yakaendelea kuchota usiku. Baruti za wavuvi nazo zilivunja matumbawe yaliyokuwa yakipunguza nguvu ya mawimbi. Bahari ikaendelea kuchota kama kawaida yake, na mto haukuwa na cha kurudisha. Majengo ya ufukweni yakaanza kuanguka.

Mchanga huo haukupotea. Umo kwenye kuta za Tegeta, Mbezi na kwingineko. Nilipojenga uzio wa nyumba yangu huko, fundi aliniambia tunahitaji tripu nne za mchanga wa mtoni, kwa sababu wa kuchimba una udongo mwingi. Zilikuja alfajiri, kabla hakujapambazuka. Nililipa, na sikuuliza umetoka mto gani.